Kuchagua saa ya kutokea ya zamani: anza na kisichotengenezeka

Tuseme pesa ulizonazo zinatosha saa moja, na mbele yako ziko mbili. Ya kwanza ni Omega ya miaka ya 1950. Uso wake ni mweupe usio na doa, kasha linameta, na muuzaji anasema imetoka sevisi juzi. Ya pili ni Longines ya miaka hiyo hiyo. Uso umegeuka rangi ya krimu na una vidoa pembezoni, kioo kimekwaruzika, na muuzaji anakiri kwamba hajui ilifunguliwa mara ya mwisho lini. Bei ni moja. Mnunuzi mgeni huchukua ya kwanza bila kufikiri sana. Mimi, bila kuambiwa zaidi ya hayo, ningeiomba ya pili niitazame kwa karibu, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane tunazungumzia saa gani. Saa ya kutokea ni saa nyembamba na tulivu, yenye mishale miwili au mitatu na mkanda wa ngozi, inayoingia chini ya mkono wa shati bila kukwama. Inakwenda na suti, na kanzu na koti, na gauni la harusi pia. Za zamani ninazozisema hapa ni za kuanzia miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa 1970, saa za kutia ufunguo. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko walitoa Astron, saa ya mkononi ya betri, na katika miaka iliyofuata viwanda vingi vya Uswisi vilifunga milango. Vilichoacha nyuma ni mamilioni ya saa nzuri zilizotengenezewa walimu, makarani na wahasibu. Matajiri walikuwa na zao, na hizo si za mwongozo huu.

Kanuni ninayoifuata ina mambo manne kwa mpangilio: uso, kasha, mashine, na mwisho kabisa jina lililoandikwa. Mpangilio huo unatokana na swali moja: kipi kikiharibika hakirudi? Mashine iliyokauka oili husafishwa. Kioo cha plastiki hubadilishwa. Mkanda ni wa kununua dukani. Lakini uso uliopakwa rangi upya haurudi kuwa ule wa kiwandani, na chuma kilichosagwa kwenye kasha kimekwisha kwenda.

Kabla hujaanza kutafuta

Amua ukubwa. Saa za wanaume za miaka ya 1950 zilikuwa na upana wa milimita 33 hadi 35 bila kuhesabu ufunguo, yaani kile kitufe cha pembeni. Aliyezoea saa za leo za milimita 42 ataziona ndogo siku mbili tatu, kisha atazoea. Kata duara la karatasi la milimita 34, liweke juu ya kifundo cha mkono na ujitazame kwenye kioo kikubwa, ukiwa umevaa nguo utakazovaa nayo. Wanawake wengi siku hizi wanachukua hizi hizi za wanaume za zamani, na ni uamuzi wa busara. Saa za kike za enzi hizo zilikuwa na mashine ndogo mno, na mafundi wengi hawapendi kuzigusa.

Amua chuma. Kwa mwanamume Mwislamu jambo hili hujibiwa mapema, kwa kuwa wanazuoni walio wengi wanaharamisha dhahabu kwa mwanamume. Kuhusu saa iliyopakwa dhahabu juu juu tu, muulize shekhe wako kabla ya kulipa. Hata ukiacha dini pembeni, kasha la chuma kisichoshika kutu linafaa zaidi kwa anayeishi Mombasa, Tanga, Zanzibar au Muscat. Jasho na hewa ya chumvi huila rangi ya dhahabu kuanzia kwenye kona, na ikishatoboka chuma cha chini huanza kuchimbika.

Amua kama unataka tarehe. Ushauri wangu ni uiache. Saa nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zenye dirisha la tarehe hazina njia ya mkato ya kuisogeza, kwa hiyo ukiiacha wiki moja kabatini utazungusha mishale hadi uchoke. Tena wapo wazee wa pwani ambao mpaka leo hutega saa zao kwa majira ya Kiswahili, mshale ukisimama kwenye moja pale ambapo saa ya Kizungu inaonyesha saba. Saa ya tarehe ikitegwa hivyo itageuza tarehe saa kumi na mbili asubuhi au jioni, na mwenyewe atadhani imeharibika.

Jambo la mwisho la kuamua ndilo linalosahauliwa zaidi: nani ataitengeneza. Tafuta fundi kabla ya kutafuta saa. Mafundi wengi wanaokaa kando ya barabara na vimeza vyao vya kioo siku hizi wanaishi kwa kubadilisha betri na mikanda, na hakuna ubaya, ila saa yako inahitaji mtu wa aina nyingine. Muulize kama anafungua mashine ya ufunguo mpaka kipande cha mwisho, anaisafishia nini, anatumia oili za aina gani, na kama ana kifaa cha kupima mwendo. Ukimkuta anayeichovya mashine nzima kwenye petroli na kuidondoshea oili ya cherehani, mshukuru na uondoke. Akiwa fundi kweli, muulize pia ni mashine zipi anazipenda na vipuri vya zipi anavipata. Jibu lake lina uzito kuliko maoni ya watu mia mtandaoni.

Uso

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Katika miaka ya nyuma ilikuwa kawaida kabisa mtu kupeleka saa kwa fundi na kuirudisha ikiwa na uso uliopakwa upya, kama tunavyopaka nyumba rangi Idi ikikaribia. Hakuna aliyedhani anaharibu kitu. Leo uso wa asili, hata wenye vidoa, huongeza bei ya saa, na uliopakwa upya huishusha sana. Wauzaji wanalijua hilo, na wengi hawasemi.

Chukua lenzi ya kukuzia, au ikuze picha kwenye simu, kisha pita hivi.

Anza na maandishi. Kiwandani yalichapwa kwa ncha kali na unene mmoja. Uso uliopakwa upya huwa na herufi nene, zilizovimba au kuvuja pembeni, na nafasi kati ya herufi hazilingani. Fungua picha nyingine za saa ya namba hiyo hiyo ya modeli na ulinganishe herufi moja moja, hasa zenye mikia na mizunguko. Jina la kampuni ndilo hukosewa mara nyingi zaidi, kwa sababu ndilo gumu kuchora.

Shuka hadi ukingoni chini ya sita. Saa ya Uswisi kwa kawaida imeandikwa pale "Swiss" au "Swiss Made" kwa herufi ndogo sana. Maneno hayo yakikosekana, yakiwa makubwa mno, au yakiwa yamepanda juu kuliko yanavyopaswa, simama.

Kisha angalia vistari vya dakika. Kila alama ya saa iliyobandikwa inapaswa kukutana na kistari chake. Alama ya nne ikiwa imepita kistari kidogo na ya nane haijakifikia, vistari vilichorwa baadaye. Tazama pia mzingo wa alama hizo za chuma. Rangi iliyorundikana miguuni mwake maana yake brashi au bomba la rangi lilipita zikiwa bado mahali pake. Kwenye saa yenye kiduara cha sekunde juu ya sita, mistari ya kiduara iwe safi na katikati kabisa.

Vidoa navyo vina tabia zake. Vinavyoanzia ukingoni na kuingia ndani polepole ni umri na unyevu mdogo. Doa kubwa lenye mpaka wa kahawia maana yake maji yaliingia, na yaliyoingia kwenye uso yalifika kwenye mashine pia. Kugeuka rangi ya krimu kwa usawa ni jambo zuri, na watu hulilipia. Nyufa ndogo kwenye vanishi ni suala la macho yako. Mimi sizipendi, lakini simkatazi mtu.

Saa za kutokea mara nyingi hazina rangi ya kung'aa gizani. Zikiwa nayo, zile za kabla ya miaka ya 1960 huenda zilitumia radiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kwa takriban miaka 1,600, ingawa rangi yenyewe huacha kung'aa mapema zaidi. Kuivaa si jambo la kuogofya. Usiifungue mwenyewe wala kuikwangua, kwani vumbi lake likivutwa ndani ni hatari. Tritiamu iliyokuja baadaye hupungua nusu kwa miaka 12 na ushei, na saa zake nyingi zimeandikwa "T Swiss T" chini ya sita. Uso wenye nukta za kijani kibichi zinazowaka leo kwenye saa ya 1952 umepakwa jana.

Kuna kundi moja la kuliepuka moja kwa moja: saa za bei rahisi sana kutoka Mumbai, za majina kama Favre-Leuba, HMT, West End na wenzao, zenye nyuso za rangi kali za bluu, machungwa au kijani na maandishi mapya. Nyuso zimechapwa upya na ndani mna vipande vya saa tofauti. Zinavutia kwenye picha. HMT ya asili ni saa nzuri ya kawaida na historia yake ni ya kuheshimika, ila itafute ikiwa na uso uliozeeka.

Na kwa walio Oman au wenye ndugu huko: saa zenye nembo ya khanjari usoni zilitolewa zawadi wakati wa Sultani Qaboos, aliyetawala tangu 1970 hadi 2020, na wakusanyaji wanazilipia pesa nyingi. Kwa sababu hiyo hiyo khanjari huchapwa leo kwenye nyuso ambazo hazikuwahi kufika Muscat. Bila karatasi au historia ya familia inayoeleweka, lipa bei ya saa bila khanjari.

Kasha

Shika saa kwa upande, au omba picha ya upande. Masikio, yaani zile ncha nne zinazoshika mkanda, yawe na kona kali na upana sawa. Yakiwa ya mviringo pale picha za saa nyingine za namba hiyo zinaonyesha kona, kasha limepigwa mashine ya kung'arisha mara nyingi. Maandishi ya mfuniko wa nyuma yaliyofifia ni ushahidi mwingine. Mikwaruzo midogo ya kuvaliwa iache ilivyo. Muuzaji anayesema kwa fahari kwamba ameling'arisha upya, anakutajia kasoro akidhani anakutajia sifa.

Alama za chuma zisome kwa makini, maana hapa watu hulipia wasichopata. "Acier inoxydable" ni chuma kisichoshika kutu. Lakini ikiandikwa "Fond acier inoxydable", au kwa Kiingereza "Stainless steel back", ni mfuniko wa nyuma peke yake. Kasha lililobaki ni chuma hafifu kilichopakwa kromiamu au dhahabu. Wauzaji wengi huweka neno "steel" kwenye tangazo kwa kutegemea neno hilo moja la mgongoni.

Kwa dhahabu, "Plaqué or" ikifuatiwa na 10 au 20 ni unene wa mpako kwa maikroni, na 20 hudumu. "Gold filled" ya Marekani ni tabaka nene lililobanwa juu ya shaba nyeupe au ya njano. Tazama ncha za masikio na nyuma ya kasha panapogusana na ngozi, kwa kuwa huko ndiko hutoboka kwanza. Dhahabu tupu ya Uswisi ya karati 18 ina namba 0.750, na kabla ya 1995 iligongwa kichwa cha Helvetia, yule mwanamke aliye nembo ya Uswisi. Karati 14 ilipata kindi. Uingereza walipenda karati 9, namba 375, na makasha mengi ya aina hiyo ya Omega na wengine yalitengenezwa Birmingham na Dennison, waliofunga 1967. Kwa hiyo Omega yenye kasha la Dennison si ya kuungwaungwa. Usimkatalie muuzaji kwa hilo.

Maji: zihesabu zote kuwa haziwezi maji, hata zilizoandikwa kinyume. Gasketi ya 1958 imekufa siku nyingi. Vua kabla ya kutawadha, kabla ya kuosha vyombo, na ukiona wingu la mvua.

Mashine

Usinunue bila kuiona mashine kwa macho au kwa picha ya wazi. Muuzaji anayedai hana kifaa cha kufungulia ana jirani mwenye nacho.

Unachotafuta ni usafi wa jumla, skrubu zisizo na vichwa vilivyochunika, hakuna kutu ya kahawia karibu na mti wa ufunguo, na jina la kampuni limechongwa kwenye daraja la mashine, yaani bamba linaloshikilia magurudumu. Skrubu zilizochunika husimulia habari ya mafundi wote waliopita humo. Kutu kidogo kwenye ufunguo ni kawaida ya pwani na hutengenezeka. Ikiwa imeingia kwenye magurudumu, iache. Kwa saa za baada ya vita pendelea zenye kinga ya mshtuko juu ya gurudumu la balansi, lile linalozunguka huku na huku kuongoza mwendo wa saa. Incabloc, iliyobuniwa miaka ya 1930, ina springi ndogo yenye umbo la kinubi, na utaitambua ukishaiona mara moja.

Kama saa iko mkononi mwako, tia ufunguo polepole. Saa ya kutia kwa mkono inataka mizunguko 30 hadi 40 kisha inagoma, na hapo uache. Ikizunguka bila kugoma, springi kuu imekatika au inateleza. Ufunguo uwe laini, usiokwaruza. Uvute nje na ugeuze mishale mbele: isogee bila kuruka wala kugusana, na isimame pale unapoiacha.

Kisha pima. Kifaa cha fundi husikiliza mlio na kutoa tarakimu, na zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo kwa usahihi wa kuridhisha ukiwa chumba kimya. Balansi ya saa iliyotiwa ufunguo kamili na kulazwa izunguke kwa nyuzi 250 hadi 300. Chini ya 200, sevisi imepitwa na wakati. Saa ya miaka 60 ikipoteza au kuzidisha sekunde 20 kwa siku iko vizuri. Ikizidisha dakika nyingi kwa siku, usikimbilie kuikataa. Huenda imeshika sumaku kutoka kwenye mkoba au spika, na kuitoa ni kazi ya fundi ya dakika moja.

Maneno ya kutilia shaka ni haya: "inatembea vizuri". Saa iliyokauka oili hutembea, na kadiri inavyotembea ndivyo inavyojisaga. Kama hakuna risiti ya sevisi yenye tarehe, ongeza gharama ya sevisi kwenye bei kabla ya kulinganisha saa mbili. Kwa fundi wa Ulaya au Ghuba gharama hiyo inaweza kufika nusu ya bei ya saa au kuipita. Ndiyo maana lile swali la fundi lilitangulia.

Namba zikubaliane

Saa ya kuungaunga ni ile yenye mashine ya saa moja, kasha la nyingine na uso wa ya tatu. Kila kipande ni halali, jumla yake si saa yoyote iliyowahi kutoka kiwandani. Tatizo hili halina cheo. Mnamo Novemba 2021 Omega Speedmaster ya 1957 ilinadiwa Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3, na mwaka 2023 Omega wenyewe walitangaza kwamba ilikuwa imeungwa kwa vipande vya saa tofauti. Waliokuwa wameinunua ni Omega, kwa ajili ya makumbusho yao.

Kwa saa yako ya bei ya kawaida ukaguzi ni mfupi. Ndani ya mfuniko wa nyuma kuna namba ya kasha. Kwenye Omega namba hiyo ilikuwa ya tarakimu nne au tano mpaka 1962 zilipoanza za sita. Namba ya mfululizo kwenye mashine hukupa mwaka: zinazoanzia milioni 14 ni za katikati ya miaka ya 1950, na milioni 20 ni za karibu 1963. Kasha la tarakimu sita lenye mashine ya milioni 14 lina maelezo ya kutoa. Longines wanatunza kumbukumbu za saa walizouza kule Saint-Imier, na ukiwapelekea namba ya mfululizo wanaweza kukuambia saa ilitoka na kasha gani na ilipelekwa kwa nani. Fanya hivyo kabla ya kulipa kama muuzaji anakubali kusubiri. Seiko ni rahisi kuliko wote: tarakimu ya kwanza ya namba ya mgongoni ni ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi.

Sasa linganisha

Nitachukua nne ambazo mtu mwenye pesa ya kawaida hukutana nazo, zote za kutia kwa mkono.

Omega yenye mashine ya milimita 30, ile iliyoanza 1939 kwa jina 30T2 na baadaye ikapewa namba za 260 na 280. Za 260 zina sekunde kwenye kiduara, za 280 zina mshale wa katikati. Mashine ina rangi ya shaba nyekundu, ni imara, mafundi wanaijua na vipuri bado vinapatikana kwa kuwa zilitengenezwa kwa wingi mno. Hasara yake ni jina. Kwa sababu kila mtu anaitaka Omega, ndiyo yenye nyuso nyingi zilizopakwa na makasha mengi yaliyosagwa. Kioo cha asili cha plastiki kina alama ndogo mno ya Ω katikati, lakini kukosekana kwake si kosa, kioo hubadilishwa.

Longines yenye mashine ya 30L, iliyotoka 1955. Kwa ubora sioni pengo la maana kati yake na Omega hiyo, na kwa saa za hali sawa bei ya Longines mara nyingi iko chini. Vipuri ni vichache kidogo. Hii ndiyo ninayompendekezea mtu anayenunua ya kwanza, mradi awe na subira ya kungoja yenye uso mzuri.

Hamilton ya Lancaster, Pennsylvania, ya mstatili kama Boulton, yenye mashine ya 982 ya vito 19, yaani vijiwe vya kupunguza msuguano. Kiwanda kilianza 1892 na kikaacha kutengeneza saa Marekani 1969. Mashine imekamilishwa kwa uzuri wa kushangaza kwa bei yake, na saa yenyewe mara nyingi ndiyo ya bei nafuu kati ya nne hizi. Ila ni ndogo, kasha karibu daima ni la "gold filled", na nyuso zilizopakwa zimejaa kuliko za asili. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kiwanda kiliacha saa za raia na kutengeneza kronomita za meli kwa jeshi la wanamaji, kwa hiyo tangazo la Hamilton ya kutokea ya 1944 liulizie.

Seiko Lord Marvel ya mapigo 36,000 kwa saa, iliyotoka 1967, mara mbili ya mapigo 18,000 ya saa nyingi za Uswisi za enzi hizo. Mshale wa sekunde huteleza badala ya kurukaruka. Ipo ya chuma kitupu, upana wake unakaribia milimita 36, na usahihi wake bado unaweza kuaibisha saa ghali. Mwendo huo wa kasi huhitaji oili mbichi, na nje ya Japani vipuri ni shida, kwa hiyo bila fundi aliye tayari usiiguse.

Ukiwa na mbili zilizobaki, ziandike kwenye karatasi: bei, usafirishaji, ushuru, sevisi kama haina risiti, mkanda. Jumla ndiyo bei. Kisha rudi kwenye mpangilio wa mwanzo. Uso wa asili wenye vidoa unaushinda uliopakwa upya unaong'aa, kila mara. Nyuso zikilingana, kasha lenye kona linaamua. Makasha yakilingana, mashine ambayo fundi wako anaijua. Jina liwe la kuvunja sare tu. Ndiyo maana ya pili ya zile mbili za mwanzo ingepata nafasi kwangu, mradi lenzi isinionyeshe maji kwenye uso wake.

Kulipa na kupokea

Ukinunua kwa mbali, omba picha hizi kwa mwanga wa mchana: uso moja kwa moja na kwa pembe, pande zote mbili za kasha, masikio kwa karibu, mfuniko wa nyuma nje na ndani, na mashine ikiwa na namba inayosomeka. Omba pia video ya sekunde kumi yenye sauti. Muuzaji mwaminifu hutuma siku hiyo hiyo au kesho yake. Anayekujibu kwa hasira au kukuharakisha kwamba kuna mteja mwingine, mwache na huyo mteja. Lipa kwa njia inayokuruhusu kudai pesa zako, na uulize ushuru TRA, KRA au forodha ya kwenu kabla mzigo haujaondoka. Ndani ya muda wa kurudisha, mpelekee fundi aifungue.

Mkanda nunua mwisho, baada ya kupima nafasi kati ya masikio kwa rula. Milimita 18 ni rahisi kupata kila mahali. 17 na 19 zipo kwenye saa za zamani na hutafutwa kwa taabu, na mkanda wa 18 uliosukumizwa kwenye nafasi ya 17 hujikunja pembeni na kuchakaa ndani ya mwaka. Chukua ngozi nyembamba isiyojazwa sifongo. Kwa joto la pwani weka mikanda miwili, ubadilishane, kila mmoja ukauke jasho kabla ya kurudi kazini.